Injini ya Zedi na Jina la Sijaona

Swaumu, zima hiyo redio. Abdulmajidi, weka simu chini, anayekupigia atakupata baadaye, mimi baadaye sina. Na wewe Rahimu, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza bei, njoo ukae hapa miguuni pangu nikuone vizuri. Mzee Miraji, ahsante kwa kuja, na wewe imamu wetu, Mungu akulipe kwa kuacha shughuli zako. Ninyi wawili ndio mashahidi wangu, na nawaomba mlishike kila neno, maana hawa wanangu nawafahamu, nikishafumba macho wataanza kusema mzee alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Kifua ndicho kimechoka, kichwa ni kizima.

Wanangu, tegeni masikio, haya nayasema mara moja tu. Nyumba hii, duka la vipuri pale sokoni na shamba la alizeti la Issuna vitagawanywa kama dini yetu inavyosema, kila mmoja fungu lake, na imamu yupo atawasimamia. Hapo sina la kuongeza. Lakini najua si nyumba wala shamba mnavyonisubiria. Mnasubiri gari. Mnadhani sijui kwamba kuna mtu wa Arusha ameshaonyeshwa picha? Nimeziona kwenye simu ya jirani, Zedi yangu imepigwa picha mbele na nyuma, na kidole chako, Abdulmajidi, kimeingia pembeni. Mimi niko hai, nakohoa chumba cha pili, ninyi mnatafuta mteja. Haya, mteja huyo mwambieni arudi kwao.

Lile gari nalitoa kwa wosia. Na wosia, kama mnavyojua, haumwendei mrithi, na hauzidi theluthi ya mali. Imamu ameshapima, gari halifiki huko. Namwachia mtu ambaye kwa sheria hanirithi hata kijiko. Namwachia dada yenu Sijaona.

Mnatazamana nini? Tulieni. Sijamaliza, hata sijaanza.

Mama yenu Hajira, Mungu amrehemu, alikuja kwangu na mtoto wa miaka sita kutoka kwa mume wa kwanza. Ninyi wote watatu mmebebwa mgongoni na huyo mtoto. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu ndipo mimi nilipopata lile gari kule Kilimatinde. Daktari mmoja Mzungu alikuwa ameliacha bandani na kurudi kwao, Datsun mbili-arobaini Zedi, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Nilipolivuta kwa trekta mpaka hapa mjini watu walinicheka barabara nzima. Mama yenu alitoka nje, akalizunguka, akaniuliza, "Baba Sijaona, hili linabeba magunia mangapi?" Nikamwambia halibebi gunia. Akasema, "Basi umeoa mke wa pili," akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha.

Hakukosea sana. Miaka kumi na minne nililitengeneza. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, nikaikata yote, nikalehemu mabati mapya. Kioo cha mbele nilikifuata Nairobi, nikarudi nacho kwenye basi nimekipakata. Gia boksi nilifungua mara nne. Fundi gani hapa alikuwa amewahi kuliona gari la namna ile? Nilijifunza kwa kuharibu. Na aliyekuwa upande wa pili wa boneti muda wote huo, akishika taa, akipiga msasa mpaka vidole vinatoka damu, alikuwa Sijaona. Hakuna kati yenu aliyewahi kunishikia hata spana. Wewe Rahimu ulikuwa unasema marafiki zako watakucheka.

Injini yake ina silinda sita na kabureta mbili. Sasa kabureta mbili zisipovuta hewa sawasawa, injini inachechemea, na mimi kwa masikio yangu nilishindwa. Huyo msichana akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hewa, huku akizungusha skrubu kidogo, halafu akahamia ya pili, halafu akarudi, mpaka zote mbili zikavuma sauti moja. Siku hiyo injini ilinguruma vizuri mpaka mama yenu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akasema, "Kumbe linaimba." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisifu.

Kila Ijumaa baada ya swala tuliliwasha. Kila masika tulilipandisha juu ya mawe ili matairi yasilale. Alipoolewa alikuja kulisikiliza, alipoachika akarudi hapa, nikampa chumba cha uani na kazi ya duka, na ufunguo wa banda akawa nao yeye. Ufunguo huo ndio uliomponza.

Mwaka ule nilipokwenda Dodoma kupasuliwa, nilikuwa nimeishusha injini nibadilishe pete za pistoni. Nilishamaliza, niliiacha juu ya stendi yake, nimeifunika turubai. Nikakaa hospitali wiki tatu. Nikarudi na mkojo kwenye mfuko, naingia bandani naikuta stendi tupu. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nikawaita wote. Na wewe Rahimu ukasema kwa sauti ya upole kabisa, nakumbuka upole wako, "Baba, sisi tutajuaje? Ufunguo si anao dada?" Abdulmajidi ukakubali kwa kichwa. Swaumu ukainamia mboga zako.

Nami nikafanya nililofanya. Mzee Miraji, ulikuwepo. Ijumaa, watu wametoka msikitini, wamejaa barazani kwangu kunipa pole ya ugonjwa, nikamwita katikati yao nikamwita mwizi. Alisema, "Baba, wallahi sijaigusa." Nikamjibu kwamba damu yangu haiibi, na yeye si damu yangu. Mtu mzima, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, akafunga nguo zake kwenye kanga mbele ya watu wale wale, akaenda Mitundu kwa ndugu wa mama yake. Huko anatengeneza baiskeli na kuuza vipuri chini ya turubai. Wakati anatoka aliinama akasema, "Shikamoo baba." Sikuitikia.

Swaumu, maji kidogo. Hapo, inatosha.

Sasa sikilizeni mengine ambayo hamjui kwamba nayajua. Mwaka jana, msimu wa vitunguu, nilikuwa Issuna sokoni, nimekaa kwenye benchi la mwuza chai. Ikaja pikapu chakavu, imejaa vitunguu mpaka juu. Kabla sijaiona niliisikia. Wanangu, mtu hukaa na mke miaka hamsini, akikohoa nje ya nyumba anamjua. Nikaiacha chai. Nikamwendea dereva, kijana mmoja jina lake Kefa, nikamwomba afungue boneti. Ilikuwa ile ile, namba yake naijua kwa kichwa, na kishikizo cha alternata, ile inayochaji betri, ni kile alichokichonga Sijaona kwa tupa. Nikamwuliza, kijana, hii umeipata wapi? Akanijibu bila wasiwasi, maskini, hakuwa na kosa: "Nimeuziwa na mtoto wa Mzee Mselemu wa mjini, Rahimu. Mdogo wake ndiye aliyetusaidia kupakia."

Usinililie, Rahimu, bado. Abdulmajidi, inua uso. Wewe Rahimu ulitaka mtaji wa kuanza biashara ya ufuta, ukaona mzee yuko Dodoma hatarudi, ukavunja mbao za nyuma ya banda ukazipigilia upya. Nilikwenda kuziangalia, misumari ni mipya. Misumari ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, ningeiona kama ningekuwa natafuta ukweli, lakini mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumpigia kelele. Na wewe Swaumu uliwaona kupitia dirisha la jikoni, ukaambiwa ukae kimya, ukakaa.

Nilimtafutia Kefa injini ya Toyota, tukabadilishana, nikairudisha yangu usiku usiku nikiwa na mafundi wa kukodi, na ninyi nikawaambia nimepata nyingine. Mkasema, "Hongera baba." Hongera! Mwaka mzima nimekula nanyi sahani moja, nawaangalia mmoja baada ya mwingine, nasema moyoni, leo atasema, leo mmoja wao atameza tonge aseme, baba, kuna jambo. Idi ya kwanza ikapita, Idi ya pili ikapita. Mkaniuliza kama chumvi imekolea.

Lakini nisiwatwishe ninyi peke yenu, maana mashahidi wapo na Mungu yupo. Mimi nilipojua, nilifanya nini? Nilimtumia mtu huko Mitundu aende amwambie Sijaona aje, kabureta hazivuti sawa. Ndiyo, mzee Miraji, tikisa kichwa, una haki. Nimemvunjia mtu heshima mbele ya mji, halafu namwita aje kunitengenezea gari. Akarudisha jibu la adabu: "Mwambieni baba gari si langu, nisije nikaigusa tena mali ya watu." Basi nikapiga simu mwenyewe. Akapokea, akasema shikamoo baba. Nikasema marahaba. Nikakohoa. Nikamwuliza, huko mvua zimenyesha? Akasema zimenyesha. Akangoja. Namsikia anangoja, namsikia anapumua. Nikamwambia haya, salimia watu, nikakata. Mtu mzima wa miaka sabini na tisa, ulimi wangu hauna mfupa wala kufuli, nikashindwa kusema nisamehe, mwanangu. Kwa nini? Kiburi. Sina jina jingine la kulipa.

Sasa nawaagiza. Gari ni lake, na kadi yake imamu anayo. Mtu asiliwashe, asilisogeze, asipige tena picha. Turubai lisitolewe mpaka aje alitoe yeye. Akitaka kulitengeneza atalitengeneza, akitaka kulikata vipande auze chuma, mzibeni mdomo yeyote atakayemwuliza.

Na hili ndilo kubwa. Siku ya maziko yangu, kabla ya kuniswalia, imamu atasimama awaulize watu kama ilivyo desturi: nani anamdai marehemu? Watu watasema mzee alikuwa mtu safi. Hapo Rahimu utasimama. Utasema, Sijaona anamdai. Anamdai jina lake. Nililichukua mbele ya watu, siwezi kulirudisha kwa simu, wala kwa kumpa gari. Utasema yote, wewe kwa mdomo wako, watu wale wale wakisikia. Imamu, nakuusia mbele ya hawa, usiniswalie kabla hajasema. Niacheni pale kwenye jeneza, juani, sitalalamika.

Swaumu, wewe nimekusamehe, uliogopa. Abdulmajidi, nimekusamehe kwa shida, lakini nimekusamehe. Mungu awape watoto watakaosema kweli mkiwa bado mnasikia, awape riziki isiyowaumiza tumbo, awaweke pamoja. Rahimu, wewe ni mtoto wangu wa kwanza wa kuzaa na nakupenda, lakini radhi yako haiko kitandani hapa. Nimeipeleka kwa dada yako. Akikusamehe yeye, nami nimekusamehe saa hiyo hiyo, hata kama nimeshaoza.

Hebu sema sasa, nikusikie. Nataka nijue kama utaweza. Usitazame mkeka.

"Sijaona hakuiba." Vizuri. Endelea. "Injini iliuzwa." Iliuzwa na nani, Rahimu? Ilijiuza? Anza tena... Kwa sauti, mzee Miraji masikio yake mazito... Ndiyo. Ndiyo. "Niliuza mimi." Unaona? Hujafa. Sasa na langu usiliache. Sema, baba yangu Mselemu alimwita mwizi, na alipojua ukweli alinyamaza mwaka mzima kwa kiburi. Sema... Umeliruka neno la mwisho. Rudia. Hapo. Hivyo hivyo, siku hiyo, hivyo hivyo.

Nilazeni ubavu wa kulia. Taratibu... Swaumu, toka nje umpigie dada yako. Usimtajie gari. Mwambie baba anaomba aje. Sema anaomba, usiseme anaita. Mitundu ni mbali, na mimi sijui kama... Akinikuta nimeshafunikwa, ufunueni uso wangu aniangalie atakavyo, hata akitaka kunisema aniseme. Mtu asimzuie.

Na msimwambie kwamba nilimsubiri. Msije mkamdanganya. Yeye ndiye aliyesubiri, wanangu. Yeye ndiye.