Daftari la Mwalimu Helena

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mimi ni Salma Hatibu. Asubuhi hii tunamkumbuka Mwalimu Helena Baltazar, aliyezikwa Jumamosi kijijini Hirbadaw. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Thelathini na minne kati ya hiyo alifundisha darasa la kwanza, watoto wa wafugaji, na hakuwahi kuomba uhamisho. Sisi wa mjini Katesh tulimshangaa.

Wazazi wengi walileta watoto bila cheti cha kuzaliwa wala kadi ya kliniki. Mwalimu hakuwarudisha. Aliwauliza: mwaka aliozaliwa mtoto huyu mvua ilikuwaje? Ng'ombe gani alizaa? Aliandika jibu kwenye daftari kama lilivyosemwa, kisha akakadiria tarehe. Wengi wana siku ya kuzaliwa waliyopewa na Mwalimu Helena, na siku hiyo ikifika soda wanakunywa kama watu wengine.

Mzee Margwe alikuwa rafiki wa nyumba yake. Maziwa ya chai ya mwalimu yalitoka kwake. Alipomleta binti yake, Fabiola, alisema kwa furaha: "Huyu alizaliwa wiki ile ng'ombe wangu mweupe alipozaa pacha." Mwalimu akaandika.

Fabiola alipokuwa darasa la sita, mzee alitaka kumwoza. Kwenye mkutano wa kijiji alisema binti ana miaka kumi na minane. Mwalimu Helena akasimama na daftari lake. Akasoma habari ya ng'ombe mweupe, na tarehe aliyoiandika pale. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. "Margwe, haya ni maneno yako mwenyewe," alisema.

Mzee alimwita mwongo mbele ya watu wote, akaondoka. Mpango wa ndoa ukavunjika. Urafiki nao ukavunjika, na hilo lilimuuma mwalimu. Mwanawe, Hermani, anasema: "Mama alimsalimia kila siku ya mnada. Miaka kumi na mitatu hakuitikiwa. Akirudi nyumbani hanywi chai."

Fabiola leo ni afisa mifugo kule Bashay. Watu wanamwita bwana mifugo, naye anacheka tu. Ng'ombe wa baba yake anawachanja yeye.

Jumamosi Mzee Margwe alikuja msibani. Alisimama kaburini akasema: "Alisema kweli. Nilijua siku ile ile. Nilishindwa kumwambia." Akalia, na mimi nililia, sifichi.

Hermani na familia yote, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi mnaosikiliza, kama kuna mtu hujamwitikia salamu kwa sababu alisema kweli, simu unayo mkononi. Mpigie angali anapokea.

Jana nilimpigia Mzee Margwe. Nilimwambia naweza kusimulia haya bila kumtaja jina. Akakataa.

"Nilimwita mwongo watu wakisikia," alisema. "Nitaje, mwanangu. Watu wasikie na hili."