Maji ya Safari ya Among

— Kwani Kiingereza imekwisha, mpaka mtoto natafuta ingine?

Okware aliuliza, birika la muuza kahawa likipita. Ulikuwa mwaka ule Wabelgiji walipokuwa wakitoka Kongo na magari yaliyojaa vumbi, wakipita Busia kwenda Nairobi. Kwenye benchi la mbele ya duka la cherehani, upande wa Uganda, walikaa wale wale: Okware, aliyefunga breki za treni pale Tororo hadi akaitwa Breki, Mangeni, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, na Ojiambo wa ng'ambo ya Kenya, aliyewahi kufagia mahakamani akatoka na jina la Mahakama. Among, binti wa Okware, alisimama na sanduku. Alishamaliza Makerere, na sasa Paris walimwita akasomee udaktari wa fasihi za watu wanaotumia Kifaransa. Basi la Kampala lilikuwa njiani. Lakini kwao mtu haendi mbali kabla baba hajampulizia maji ya baraka kifuani, na Okware, tangu asubuhi, alikuwa akinywa kahawa tu.

— Breki, wachia mtoto, — alisema Redio. — Mfaransa amechoka kusoma vitabu vyake, ndiyo naita watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wafaransa wanaumwa? — aliuliza Mahakama.

— Taabani.

— Uongo, — alisema Mahakama. — Hapo yumo Gavana wa Mwingereza. Anampeleka akasikilize vile Mfaransa anamsengenya Mwingereza. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

— Kiatu kimeingiaje?

— Kimeingia.

— Basi akirudi atakula vyura. Mabwawa yote ya Buteba yatanyamaza.

Damu ikamchemka Among. Kwenye midahalo ya chuo alikuwa amewanyamazisha wanaume wenye tai, sembuse hawa.

— Wazee wangu, siendi kumsoma Mfaransa peke yake. Senegali, Kongo, visiwani huko mbali, kuna weusi wenzetu walioandika hasira yao kwa lugha ya bwana, mpaka bwana mwenyewe akanunua kitabu. Hayo mnataka tusimuliwe na nani? Na Gavana?

Redio akapuliza kahawa yake.

— Nani nakataa kusoma? — Okware alisema bila kuinua uso. — Mimi nakaa tu.

Gari moja la kutoka Kongo likasimama mbele ya benchi. Dereva Mkongo akashuka, akapewa kikombe. Among akamsalimu kwa Kifaransa. Mtu yule akashtuka, akacheka, wakaongea kama waliokuwa wamepoteana. Okware alimkodolea macho bintiye. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na hakuelewa hata neno.

Dereva akamgeukia Okware kwa Kiswahili cha kwao.

— Baba, mutoto akikawia kule, utauliza habari zake na luga gani?

Redio akazimika.

Honi ya basi ikasikika. Okware akaomba maji kwa muuza kahawa, akajaza kinywa, akampulizia Among kifuani, taratibu, kama anayezima mshumaa. Kisha akamshika mkono wa blauzi.

— Mama, basi itangoja. Nifundishe kuuliza kwa Kifaransa: mmeona mtoto wangu?