Karata Zenye Vikwazo

Muuguzi aliyetoka kazini alikuwa anasinzia kwenye treni mpaka mama wa kiti cha mbele alipomgeukia abiria mwenzake, fundi saa.

"Mchezo wangu wa karata mtandaoni umefungwa. Eti nchi yetu imewekewa vikwazo! Mimi na karata zangu tumemtishia nani?"

Muuguzi akaziba mdomo kwa mkono asicheke.

"Tumia VPN, mama," fundi saa akasema. "Simu itajifanya iko ughaibuni."

"Serikali nayo imezifunga hizo."

"Basi mpigie simu huyo unayecheza naye."

"Dada yangu? Hatusemezani tangu mazishi ya mama yetu! Tunacheza tu. Akinifunga, najua yu mzima."

Muuguzi akaushusha mkono.

Treni ikasimama. Fundi saa akainuka, akamtazama mama yule, akaketi tena.

"Hebu lete simu, tutafute njia ya kuufungua huo mchezo," akasema, na kituo chake kikampita.