Lambert Mirando, Aliyetoa Rambirambi Zake Kabla ya Kufa

Tunayemzika leo, Jumapili tarehe 11 Februari 2018, ni kaka yangu Lambert Titus Mirando wa Kurana, Negombo, kaskazini mwa Colombo. Mimi ni mdogo wake, Perpetua, katibu wa Chama cha Kuzikana cha Mtakatifu Roki. Kama umeona hakuna turubai la chama, na kiti ulichokalia umekibeba mwenyewe kutoka nyumbani kwako, usiilaumu kamati. Sababu ni marehemu, na kazi ya kuieleza ameniachia mimi makusudi.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Septemba 1944, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee Isidore Mirando, msokota kamba za makumbi, na mama Juliana. Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Lambert, kwa hiyo jina halikuwasumbua. Alisoma shule ya wavulana ya parokia hadi darasa la nane, mwaka 1958, baba alipopooza. Walimu hawakulia sana. Hesabu zilimpiga chenga tangu mwanzo, na mpaka uzeeni aliwaachia wateja wajihesabie chenji wenyewe.

Mwaka 1959 aliajiriwa kuchochea tanuru la mkate. Mwaka 1971 akapewa baiskeli yenye sanduku la mbao, akauza mkate mitaani kwa miaka arobaini na minne. Kila nyumba aliijua kwa kile inachonunua. Ikiongeza mikate, alijua wageni wamefika. Ikipunguza, alishuka akauliza nani anaumwa. Wengine walimwona mmbea. Mimi pia nilimwona mmbea.

Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa na Benedicta Tamel, mteja ambaye kwa miezi saba alinunua mkate asubuhi na jioni kwa nyumba ya watu watatu. Mungu aliwajalia Shyamali na Nirosh. Nirosh alikwenda Italia mwaka 2001 bila karatasi, kama vijana wetu wengi, akaugua mapafu huko Napoli. Mama mmoja mzee, jirani tu, alimpeleka hospitali akamtafutia na wakili. Kaka hakuwahi kumwona mama huyo, lakini alimwombea kila jioni, jina lake akilitamka vibaya. Wifi Benedicta alifariki mwaka 2009, na chama kilimzika kwa heshima: turubai, viti mia mbili, bendera nyeupe za msiba mtaa mzima.

Mwaka 2013 nyumba iliyo nyuma ya tanuru ilipangwa na familia ya Wakristo kutoka Sialkot, Pakistani: mwalimu Shamaun Barkat, mkewe Nasrin, na binti yao Mehak wa miaka tisa. Walikuwa wameomba hifadhi, na hawakuruhusiwa kufanya kazi. Walinunua nusu mkate kwa siku. Mei 2014 wakaacha hata hiyo nusu, na kaka akashuka kwenye baiskeli akagonga mlango. Shamaun alikuwa kizuizini, akisubiri kurudishwa kulekule kwa watu walioapa kumuua. Mehak alikuwa amelala mkekani, midomo imegeuka bluu. Moyo wake ulikuwa na tundu, na daktari alishasema bila kupasuliwa mtoto havuki mwaka. Nasrin hakuwa na fedha ya hospitali wala ya wakili.

Jumapili tarehe 25 Mei kaka alisimama kwenye mkutano wa chama akaomba alipwe fedha zake za mazishi. Nilimkatalia mbele ya watu wote.

"Kaka, kanuni ya tisa. Tunalipa mwanachama akifa."

"Basi niandike nimekufa."

"Umekufa, na huku unatafuna biskuti zetu?"

"Ni biskuti za msiba wangu hizi. Chukua na wewe moja, mfiwa."

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia hao si watu wetu, na chama hakikuanzishwa kwa ajili ya wageni. Hapo akaacha utani.

"Perpetua, Nirosh alipokuwa anakohoa damu Napoli, alikuwa mtu wa nani?"

Nikafungua daftari la wanachama. Mwenyekiti akasema daftari linataka tarehe ya kifo. Kaka akamwambia aandike leo, saa saba, baada ya chakula. Kisha Anselm kinyozi akanyoosha mkono: "Niandike na mimi. Mke wangu anasema nilikufa zamani." Kabla mkutano haujafungwa walikuwa wamekufa sita, wote wakinywa chai. Nikawaandika kwa wino mwekundu, ule wa waliofariki, huku nikiwasonya mmoja mmoja.

Fedha za wafu hao sita, pamoja na alizotuma Nirosh, zilitosha. Mehak alipasuliwa Colombo Alhamisi tarehe 19 Juni 2014. Wakili alipata amri ya mahakama, na tarehe 2 Julai Shamaun akarudi nyumbani kwa miguu yake. Asubuhi moja mwezi Agosti nilimwona Mehak anamkimbilia kaka getini kuchukua mkate, anakimbia kweli, midomo ina rangi ya midomo. Nililia pale barabarani, kwa furaha na kwa aibu.

Kosa langu lilibaki kwenye daftari. Kila Novemba mimi ndiye ninayempelekea Padri majina ya wanachama waliofariki, na mwaka huo niliyanakili yote ya wino mwekundu bila kufikiri. Padri akasoma kwenye misa: "Lambert Titus Mirando." Kutoka benchi la tatu tukasikia, "Nipo, Padri, ila endelea kuniombea." Misa ilisimama dakika nzima. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Marehemu, naye aliitika.

Mwaka 2016 figo zake zilianza kushindwa. Shamaun alikuwa akija kila asubuhi kumwosha na kumnyoa, na Anselm alilalamika kuwa ananyang'anywa mteja. Hofu ya kaka ilikuwa moja tu, na aliisema waziwazi: asije akafa kabla familia ile haijapata jibu la ombi lake la hifadhi. Jumatatu tarehe 29 Januari mwaka huu barua ilifika. Kanada imewakubali wote watatu, na safari ni tarehe 14 Machi. Mehak alimsomea mara tatu. Kaka akasema, "Haya, sasa niacheni nilale," akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, bila maumivu. Tumehuzunika, lakini siwezi kuficha kwamba tumeshusha pumzi pia.

Ameacha watoto wawili, Shyamali na Nirosh, ambaye sasa ana karatasi zake na amewahi mazishi, wajukuu watano, mimi mdogo wake niliyebaki, na Shamaun, Nasrin na Mehak, ambao aliagiza waandikwe humu kama jamaa.

Kanuni ileile ya tisa inasema pia kwamba aliyekwisha kulipwa hapewi turubai, viti wala jeneza la chama. Nilikuwa tayari kuivunja. Hamkunipa nafasi. Ijumaa jioni mlianza kupita mtaani na viti vichwani, vya plastiki, vya meza ya chakula, hata kile cha kunyolea cha Anselm, na jeneza mmelichangia bila kuitishwa kikao. Watakaolibeba ni wale watano waliokufa naye mwaka 2014, na wa sita ni Shamaun.

Jana nilifungua daftari kuandika kifo cha kaka yangu. Hapakuwa na pa kuandika, mstari wake ulishajaa. Nikasoma tarehe ile ya Mei, nikaona siku hiyo nilikuwa nimeandika kweli: fedha za kumzika zilitumika, na mtoto akapona.

Kaka, safari hii Padri akikuita, usiitike. Lala kwa amani.