Mzee Tena, Mwongozaji Asiyefoka

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za sufuria huko jikoni. Na wewe uliye njiani, ongeza sauti. Leo tunamkumbuka mtu. Mtu huyu aliongoza okestra yetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna mpigaji hata mmoja aliyewahi kumsikia akifoka mazoezini. Narudia, maana najua kuna walimu wa kwaya wananisikiliza: hakufoka. Ametutoka Jumatatu asubuhi, moyo ukiwa umechoka, akiwa nyumbani kwake na mkewe kando yake.

Wapigaji wake walimwita Mzee Tena. Sababu ni rahisi. Muziki ukiharibika, hakusema "mmekosea". Alishusha kijiti chake cha kuongozea, akatabasamu, akasema, "Tena, wapendwa." Ukiharibika mara ya pili, "Tena." Ukiharibika mara ya tano, "Tena, tunakaribia." Hata kama hawakukaribia kitu.

Walifanyia mazoezi kwenye ghala la zamani nyuma ya posta. Paa la bati, viti vya plastiki, feni moja inayolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Yeye alifika wa kwanza, akapanga viti mwenyewe. Kila aliyeingia alisalimiwa, na aliyesalimiwa kwa bashasha kuliko wote alikuwa mpiga matoazi, ambaye katika muziki wa saa nzima ana kazi ya mara mbili tu. "Wewe ndiye unayengoja sana," alimwambia, "basi wewe ndiye wa kusalimiwa sana."

Na maneno yake, jamani! Fidla zikipiga kwa ukali alisema, "Hapa msigonge mlango kama askari. Gongeni kama mnajua mwenye nyumba amelala na mnamwonea huruma." Filimbi zikikimbia: "Taratibu, mimi sina basi la kuwahi." Na zile fidla kubwa zinazopigwa kwa kusimama, aliziambia, "Nyinyi ni sakafu. Mkiyumba, sisi wote chini." Watu walicheka, halafu walipiga vizuri.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kuna mtu mmoja anayeyajua hayo kuliko wengi. Ni mpiga tarumbeta wake wa kwanza. Wenzake wanamwita Mapafu, na ukimsikia akipuliza hutauliza kwa nini. Mapafu ni mama wa watoto watatu, mke wa fundi wa friji, na ana hasira za karibu. Hilo la hasira amelisema mwenyewe, mimi simo.

Miaka mingi iliyopita, Mapafu akiwa bado mgeni kwenye okestra, palikuwa na onyesho kubwa. Ukumbi ulijaa hadi watu wamesimama ukutani. Ndani ya muziki ule kuna mahali ambapo fidla zinapanda, ngoma zinapanda, tarumbeta zinapanda, kisha okestra nzima inanyamaza ghafla. Kimya. Si sindano, si pumzi. Halafu ndipo fidla zinarudi polepole. Kimya kile ndicho watu walichokuja kukisikia.

Mapafu alihesabu vibaya. Okestra nzima ilinyamaza, yeye akaingia. Aliingia peke yake, kwa kifua kizima, katikati ya kimya. Loo! Mtoto mmoja huko nyuma akaangua kicheko, na baada yake safu nzima, na baada ya safu ukumbi. Mapafu anasema alitamani sakafu ifunguke immeze yeye na chuma chake. Mzee Tena hakugeuka. Alingoja vicheko vipungue, akainua kijiti, wakamaliza.

Kwenye korido, Mapafu alisikia kwa masikio yake. Meneja wa okestra alikuwa amefura. "Ijumaa tunarudia muziki huu huu," meneja alisema. "Huyo mama sitaki kumwona. Tafuta mwingine." Mzee Tena alijibu jambo moja tu: "Kesho nitazungumza nao." Mapafu alifika nyumbani akamwambia mumewe, "Nimeacha." Mume akauliza, "Umeacha nini?" Akamjibu, "Kupuliza." Mume, mtu wa friji, akamtengea chakula.

Asubuhi Mapafu alikwenda ghalani kwa jambo moja tu: kurudisha tarumbeta, maana ilikuwa mali ya okestra. Alikusudia kuiweka juu ya kiti na kutoka. Wenzake wote walikuwa wameshakaa. Wakamwangalia, kisha wakaangalia viatu vyao. Ndipo Mzee Tena akasema maneno ambayo Mapafu anayakumbuka yote mpaka leo.

Alisema, "Mama, karibu. Jana ulikosea mlango, lakini uliingia kwa moyo wote. Wanaoingia kwa woga hao sina dawa yao. Anayeingia kwa moyo wote namhitaji. Mlango nitamwonyesha mimi, hiyo ndiyo kazi yangu, na jana sikuifanya." Halafu akawageukia wengine. "Haya. Leo sote tunakosea. Tukifika kwenye kimya, kila mtu aingie, na apige chochote atakacho."

Wakapiga. Wakafika kwenye kimya. Ikatoka kelele, wasikilizaji wapendwa, hata karani wa posta akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Walicheka mpaka mpiga matoazi akadondosha toazi moja, na ndiyo ikawa kazi yake ya tatu siku hiyo. "Sasa hakuna wa kumcheka mwenzake," alisema Mzee Tena. "Tena, wapendwa." Mapafu akafungua kisanduku, akatoa tarumbeta.

Ijumaa kimya kilipofika, Mzee Tena alimtazama Mapafu na kiganja chake kimeelekea chini, kama mtu anayemtuliza mtoto. Ukumbi ulizuia pumzi. Kisha fidla zikarudi, na wakati wake ulipowadia akainua nyusi, kama kusema karibu ndani. Mapafu akaingia. Meneja alipiga makofi kuliko wote, na hakuna aliyemkumbusha maneno yake.

Tangu siku hiyo Mapafu alikaa kwenye kiti kile kile mpaka mwisho wa Mzee Tena. Alimpenda kama baba. Na kila mtu alipomwuliza siri ya mzee yule, alijibu vile vile: "Alizaliwa hivyo. Moyo mweupe. Sisi wengine tumeumbwa na pilipili, tufanyeje?"

Basi sikilizeni yaliyotokea wiki hii. Baada ya mazishi, okestra iliamua kupiga onyesho la kumuaga, na ikamchagua Mapafu kuliongoza. Kesho jioni ndilo onyesho lenyewe. Mazoezi ya kwanza yalikuwa Alhamisi. Mapafu alisimama mahali pa mzee, akashika kijiti. Mpiga klarineti akachelewa kuingia. Mapafu akasema, "Tena." Akachelewa tena. Mapafu akalipuka: "We mama, una masikio au una mapambo?" Feni ikaendelea kulia peke yake. Mpiga klarineti akafungasha klarineti yake polepole, akasema, "Mzee hajaoza bado," akaondoka. Na sauti yake ndiyo inayofungua muziki wa kumuaga. Bila yeye hakuna onyesho.

Mapafu alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu. Alimkuta mjane jikoni anafuta sahani za wageni wa msiba, na binti yake anazipanga. Akaketi kwenye stuli, akalia. "Mama, nimeharibu. Nimemtukana mtu mbele ya watu, kwenye nafasi ya mzee. Tafuteni mwingine. Mimi siwezi kuwa yeye. Yeye alizaliwa hivyo."

Mjane aliweka sahani chini. Akamwangalia. Halafu, anasema Mapafu, yule mama akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu.

"Nani alizaliwa hivyo? Mume wangu?" akasema. "Mwanangu, yule alikuwa moto wa kuotea mbali! Hebu mwulize huyu."

Binti akadakia. "Sisi baba akianza kutafuta miwani, tulikuwa tunatoka nje wote na paka wetu."

Na mjane akasimulia. Kila siku mazoezi yalipomuudhi, mzee aliingia bafuni, akafungua bomba, akafoka humo. Alifoka hasa! Aliwataja mmoja mmoja. Punda huyu, kiziwi yule. Bomba linamwaga, yeye anamwaga. Akimaliza alitoka amelowa jasho, akamkalisha mkewe kwenye stuli, hapo hapo jikoni. "Wewe ni fulani," alimwambia. "Nisikilize." Akasema aliyotaka kumwambia fulani kesho yake. Mkewe akamjibu kweli. "Hapana, hayo yananiuma." Anajaribu mengine. "Hapana, sasa unanibembeleza kama mgonjwa." Anajaribu mengine. Wali wa jioni ulikuwa unapoa mezani, watoto wanasinzia.

"Na siku ile yako," mjane alimwambia Mapafu, "siku ya kimya, alikaa bafuni mpaka majirani wakauliza kama bomba limepasuka. Aliaibika mno. Kisha akanikalisha kwenye stuli hiyo uliyokalia. Nilikuwa wewe jioni nzima, mwanangu. Nilichoka kuwa wewe. Mpaka alipofika pale pa kuingia kwa moyo wote, nikamwambia, basi, hapo. Hapo mimi ningetoa tarumbeta yangu."

Miaka yote ile Mapafu aliamini maneno yale yalimtoka mzee kama maji. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, ya kwanza yalikuwa yapi? Yale ya kwanza kabisa, kabla hujayakataa?"

"Ya kwanza?" Mjane akachukua sahani nyingine. "Ya kwanza nitakwenda nayo kaburini. Kunywa chai."

Wasikilizaji wapendwa, Mapafu aliniambia kwamba hapo ndipo alipomlilia mzee kweli. Kaburini alimlilia mtu mwema. Jikoni alimlilia mtu mwenye hasira kama zake, aliyejikaza jioni baada ya jioni, bila kumwambia yeyote ila mkewe. Na aliona aibu, kwa sababu kisingizio chake kilikuwa kimekufa.

Jana asubuhi alikwenda dukani kwa mpiga klarineti. Mama yule anauza vitambaa, duka lina mlango wa kioo. Mapafu hakuingia. Alisimama nje, kando ya mlango, akijisemea. Alisema maneno fulani, akatikisa kichwa, akaanza upya. Wapita njia walimkwepa. Mmoja alivuka barabara kabisa. Ndani, mpiga klarineti alikuwa anampimia mteja kitambaa, akamwona mtu nje anachezesha midomo na mikono. Akaweka mkasi chini, akafungua mlango.

"Unaongea na nani hapo nje?" akamwuliza.

"Na wewe," Mapafu akamjibu. "Lakini bado sijafika pazuri. Rudi ndani kidogo."

Mpiga klarineti alisimama na mkono kwenye kitasa, akijitahidi kununa. Kununa kukamshinda. Akarudi ndani, akafunga mlango, akamngojea.

Kesho jioni ukumbini, wasikilizaji wapendwa, sauti ya kwanza mtakayoisikia itakuwa ya klarineti.

Kwa niaba ya wote wa hapa redioni natoa pole kwa mama mjane, kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa kila mpigaji aliyewahi kukaa kwenye vile viti vya plastiki. Poleni sana. Mlitupa mtu ambaye tulidhani tunamjua, na msiba wake ndio umetufunulia kazi aliyokuwa akiifanya nyumbani kwenu. Mungu ampumzishe pema.

Na wewe unayenisikiliza. Yupo mtu aliyekuudhi leo, usinikatalie. Mwanao, mwenzako wa kazini, pengine mwenye nyumba wako. Maneno umeshayapata, yako hapo kwenye ncha ya ulimi, na yamenoga. Hayo ni yale ya kwanza. Mzee Tena naye alikuwa nayo, tena makali kuliko yako. Sisi hatukuwahi kuyasikia, na leo tunamlilia.