Révérien na Mapanga ya Helikopta

Benchi letu la mtaani Carama limeegemea ukuta wa fundi wa kuchomelea vyuma. Ukikaa hapo Jumapili asubuhi utapata kahawa ya tangawizi ya mzee Ilyasi, na uongo wa kila aina. Jumapili hii hata mpira haukutajwa. Habari ilikuwa moja: Révérien, mwenzetu yule mpole anayeweza kumaliza asubuhi nzima bila kutoa neno, amelazwa, na daktari bado hajasema kama mguu wake utabaki au utakatwa. Alikuwa kazini kule milimani Mugamba, wanakokata misonobari mahali lori haliwezi kufika, kwa hiyo magogo yanashushwa kwa helikopta. Siku hiyo helikopta ilikuwa imetua ili wabadilishe kamba, mapanga yanazunguka, na udongo uliolowa mvua ukatitia upande mmoja. Helikopta ikalala. Révérien aliwahi kumwangusha mwenzake asikatwe, na kipande cha panga kikampata yeye. Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, lakini huyu nimemvulia kofia.

Aliyeanza ni Bonfils, dereva wa pikipiki. Tunamwita Piloti, ingawa hata ghorofani hajawahi kupanda.

— Mi nawaambia, Révérien alipiga hesabu. Panga ikizunguka inaacha nafasi kidogo. Yeye akapita mu ile nafasi.

Akilimali, muuza vitenge kutoka Uvira, ambaye kwa ubishi wake tunamwita Avoka, yaani wakili, nusura amwage kahawa.

— Apana, Piloti! Nafasi gani? We unaonaka nafasi mu ventilateur ya kanisa ikizunguka kwa dari?

— We unajua nini ya ndege?

— Mi nilizungumuza na wenzake wa kazi. Sikia sasa. Mukata miti anasimamaka wapi?

— Kwa muti!

— Upande wa juu wa mulima! Ili gogo ikibiringika isimuponde. Sasa helikopta ikikaa pa mutelemuko, upande wa juu njo panga iko karibu na udongo. Ule mwenzake, Divin, akasahau. Akaja na upande wa juu, sawa na mutu anafuata gogo.

— Mungu wangu!

— Njo Révérien akamuona.

Mzee Ilyasi alitikisa birika.

— Hiyo ni kudura ya Allah, wanangu. Mutu wa kawaida akiona panga anakimbia kwake.

— Mzee, Révérien si mutu wa kawaida, akasema Piloti. Ule alikuwaka komando. Umeona vile anakaa kimya? Makomando njo wanakaaka vile.

— Komando wapi! akadakia Avoka. Alikuwa anaimba mu kwaya ya kule Kanyosha.

— Alikuwa anajificha mu kwaya! Na panga, aliishika na mukono. Mukono mutupu!

— Sasa kama aliishika, juu ya nini ilimuvunja muguu?

— Ile ilikuwa panga ya pili.

Tulicheka mpaka fundi akazima mashine yake kutusikiliza. Avoka naye, kwa kuwa hakubali kushindwa, akasema yeye aliambiwa Révérien aliingiza bega chini ya helikopta akainyanyua, ndipo rubani akatoka. Piloti akaongeza kwamba rubani alikuwa amezimia, na Révérien alimbeba mgongoni, na mguu umevunjika hivyohivyo. Nilikuwa najua wanadanganya, na sikutaka waache.

Hapo akaja mtu mmoja mwenye bandeji kwenye paji la uso. Alitusalimu kwa Kirundi, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

— Révérien anakaaka na nyinyi hapa?

— Ndiyo, ni ndugu yetu. We ni nani?

— Mi ni Divin.

Jamani! Tulisogea wote kwa pamoja, mzee Ilyasi akampa kikombe, na Piloti akamshika mkono kama bwana harusi.

— Tuambie, kaka. Aliinyanyua na bega, si ndiyo?

— Apana. Hakunyanyua kitu. Mi nilikuwa upande wa juu, miguu ilijipeleka yenyewe. Nikasikia mutu amenishika hapa mu magoti, nikaanguka. Panga ikapita juu yetu, ikagonga kisiki, ikavunjika. Njo vile tu.

— Vile tu?

— Vile tu. Rubani alitoka muzima.

Kahawa yake hakuigusa. Alituangalia mmoja mmoja.

— Nilikuja kuwauliza kitu, sababu nyinyi munamujua. Mi na Révérien hatukuwa tunasalimiana. Mashine ya kukata miti ilikuwa yake. Mi nilienda kumusemea kwa shefu wetu wa kazi, uongo mutupu, nikasema analewa kazini. Wakamunyang'anya, wakanipatia mi. Yeye wakamutuma kufunga minyororo kwa magogo. Na alijua ni mi. Wote walijua.

Piloti aliuachia mkono wake.

— Sasa juu ya nini alinikimbilia?

Avoka akamsogezea ile kahawa. Mzee Ilyasi ndiye aliyesema, kwa upole:

— Mwanangu, yeye mwenyewe hukumuuliza?

— Nilimuuliza jana, Mzee. Nilipiga magoti pale kwa kitanda yake. Aliniangalia, akaniuliza kama nimekula.