Kompyuta Iliyokwisha Kupona

Fundi kompyuta alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha nyuma cha basi, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Mbele yake mwanamke mmoja alikuwa akimweleza shoga yake kwamba kompyuta mpakato ya mumewe imegoma kuwaka tangu iwekewe masasisho mapya, na kila jioni anakuja dada mmoja wa ofisini kwa mumewe kuitengeneza.

"Anakuja amejipulizia manukato," alisema. "Skrubu nazo zinataka manukato?"

Fundi, ambaye akiwa kazini hunuka jasho na vumbi la feni, alikubali moyoni kwamba hazitaki.

"Acha wivu, shoga. Si anamsaidia mwenzake?"

"Nisikilize. Jana mume wangu alipotoka kumsindikiza, nikaiwasha na kuizima mpaka ikaleta ile skrini ya matengenezo. Nikaondoa sasisho la mwisho. Ikawaka, na picha ya harusi yetu ikatokea."

Fundi alifumbua macho. Hata yeye angefanya hivyohivyo, ila kwa kukunja uso zaidi, ili mteja aone kazi ni ngumu.

"Sasa shida iko wapi?"

"Nikaizima, nikanyamaza. Asubuhi mwenzangu kanywa chai, kavaa viatu, kampigia simu yule dada: 'Bado imegoma. Jioni upite.'"

"Labda aliijaribu, hukumwona."

"Angeijaribuje? Ililala chini ya mto wangu, wala hakuiulizia."

Shoga yake alifungua mdomo amtetee shemeji, na basi likasimama kwenye kituo chao.